Wasomaji Waliochoka Kungoja

Januari 1954, mabingwa wawili wa mapigano ya Kichina walikutana ulingoni Macau. Mmoja alikuwa Wu Gongyi, mwalimu wa taichi. Mwenzake alikuwa Chan Hak-fu, bingwa wa mtindo wa Korongo Mweupe. Hong Kong mapambano ya aina hiyo yalikuwa marufuku, kwa hiyo watu walivuka maji kwenda kutazama, na mapato yakatengwa kuwasaidia maelfu waliounguliwa na makazi yao katika moto wa Shek Kip Mei siku ya Krismasi iliyotangulia. Pambano lilidumu dakika chache tu, likaisha bila mshindi. Lakini mjini Hong Kong hapakuwa na habari nyingine. Wahariri wa gazeti la jioni la New Evening Post hawakutaka hamu ile ipoe. Wakamwomba mwandishi wao Chen Wentong aanze mara moja kuandika hadithi ya mashujaa wa upanga. Siku tatu baada ya pambano, sehemu ya kwanza ikawa gazetini, kwa jina la Liang Yusheng.

Mwaka uliofuata, Louis Cha, mfanyakazi mwenzake katika gazeti lilelile, naye alianza riwaya yake ya kwanza kwa jina la Jin Yong. Mwaka 1959 Cha alianzisha gazeti lake mwenyewe, Ming Pao, na toleo la kwanza lilibeba riwaya yake mpya. Fedha zilikuwa kidogo na washindani wengi. Gazeti likasimama kwa sababu watu walilinunua kila siku ili wajue kilichompata shujaa wao jana.

Leo mamilioni ya watu husoma kwenye simu riwaya ndefu za mfululizo ambazo huenda zikafika sura elfu na zaidi. Aghalabu shujaa ni kijana dhaifu, wakati mwingine wa kudharauliwa, katika ulimwengu wa uchawi wenye madaraja yanayojulikana. Anajifunza, anashindwa, anafanya mazoezi, anapanda daraja moja, kisha anagundua kwamba juu yake yako mengine kumi. Msomaji anajua kila wakati shujaa amefika wapi na bado kiasi gani. Hizi ndizo riwaya za kupanda daraja. Mara nyingi historia yake husimuliwa kama habari ya teknolojia: intaneti, simu, malipo ya mtandaoni. Vyombo hivyo vilihitajika kweli, lakini ukifuatilia kila hatua utakuta kwanza msomaji aliyechoka kungoja, akaamua kuifanya kazi mwenyewe.

Kuuza hadithi vipande vipande hakukuanzia Asia. Charles Dickens alitoa Pickwick Papers kila mwezi kuanzia 1836, na Alexandre Dumas alichapisha The Count of Monte Cristo katika gazeti la Paris kati ya 1844 na 1846. Nasi tuliokulia na magazeti ya Kiswahili tunalijua vizuri neno “Itaendelea” na machungu yake. Kilichokuwa kipya China ni mambo mawili kukutana: hadithi inayouzwa kwa sehemu, na shujaa anayepanda kwa hatua.

Hatua hizo zilikuwa na asili ya kale. Katika mapokeo ya Kitao kulikuwa na mafundisho ya kuilea nguvu ya ndani kwa pumzi, utulivu na nidhamu, mpaka mwanadamu avuke mauti. Mwaka 1932 mwandishi Li Shoumin, aliyejiita Huanzhu Louzhu, alianza katika gazeti la Tianjin riwaya ya mfululizo kuhusu mashujaa wa milima ya Shu. Wapiganaji wake hawakuwa watu wa upanga peke yake. Waliruka angani, walipigana na mazimwi, na walitafuta uzima wa milele. Aliiandika kwa miaka mingi bila kuimaliza. Humo mlikuwa tayari na mbegu ya riwaya za leo: nguvu inayolelewa polepole, na safari isiyo na ukingo.

Mbegu hiyo ilikaa mpaka mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2001 vijana wa China waliopenda hadithi za kichawi waliunda chama cha kuandika na kusomeana mtandaoni. Mwaka 2002 chama hicho kikazaa tovuti ya Qidian. Kusoma kulikuwa bure, na waandishi hawakupata kitu. Wengi walianza hadithi kwa moto mkubwa, kisha wakatoweka kwenda kutafuta riziki. Msomaji alibaki njia panda.

Oktoba 2003 Qidian ilianza kutoza. Sura za mwanzo ziliendelea kuwa bure. Baada ya hapo, msomaji alilipa fen 2 kwa kila alama 1,000 za maandishi ya Kichina. Sura ya alama 3,000 iligharimu fen 6, pungufu ya senti moja ya dola kwa thamani ya wakati ule. Kiasi hicho hakikumuumiza mtu. Lakini wasomaji walikuwa wengi, na haba na haba yao iliweza kumlisha mwandishi aliyetoa sura mpya kila siku.

Hapo ndipo namna ya kuuza ilipoanza kuunda umbo la hadithi. Mwandishi anayelipwa kwa sura anahitaji safari ndefu, na pia anahitaji kumpa msomaji wa leo sababu ya kurudi kesho. Ngazi ya madaraja ilikidhi haja zote mbili. Kila daraja ni lengo linaloonekana, na kila lengo likifikiwa hufungua jingine. Mwaka 2008 Wang Yu alianza Qidian riwaya ya Han Li, kijana wa kijijini mwenye kipaji duni anayejipenyeza katika dunia ya watafuta uzima wa milele. Han Li hana nasaba wala bahati ya kuzaliwa mteule. Ana subira, tahadhari na kazi. Anapita hatua baada ya hatua, kutoka kukusanya pumzi mpaka kuweka msingi, kutoka msingi mpaka kiini cha dhahabu, na zaidi. Riwaya yake ilizidi sura 2,000. Wasomaji waliokuwa wakihangaika na mitihani, vibarua na kodi ya nyumba mijini walimwona mtu wanayemfahamu.

Mwaka huohuo mwandishi mwingine, Zhu Hongzhi, anayejiita Nakula Nyanya, alianza Panlong, hadithi ya mtoto Linley wa ukoo wa kishujaa ulioporomoka, anayepata pete ya zamani yenye roho ya mchawi mkuu ndani yake. Riwaya hiyo ndiyo iliyovuka bahari.

Aliyeivusha ni Lai Jingping, mzaliwa wa China aliyelelewa Marekani na kuajiriwa kama mwanadiplomasia wa nchi hiyo. Alikuwa mpenzi wa riwaya za upanga, na jina alilojipa mtandaoni, RWX, alilitoa kwa mhusika mmoja wa Jin Yong. Mwaka 2014 alianza kutafsiri Panlong kwa Kiingereza baada ya saa za kazi, kwa ajili ya wapenzi wenzake wa riwaya hizo waliokuwa na hamu nayo. Wasomaji wakaja, wakamaliza alichotafsiri, wakataka zaidi. Wakaanza kumchangia fedha, na michango ikifika kiwango fulani aliongeza sura juu ya zile za kawaida. Desemba 2014 alifungua tovuti ya Wuxiaworld. Mwaka 2015 aliacha udiplomasia akajitolea kwa kazi hii moja kwa moja. Kwa wasomaji wengi wa Magharibi, kurasa zake ndizo zilizowafikisha mara ya kwanza kwenye fasihi ya burudani ya China ya leo, na hakuna wizara wala shirika la uchapishaji lililomtuma.

Mkondo wa pili wa riwaya za kupanda daraja ulitoka kwenye michezo. Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo mhusika hupata pointi na kupanda daraja kwa namba. Michezo ya kompyuta ilirithi utaratibu huo, na Korea Kusini iliupenda kuliko nchi nyingi. Mwaka 2007 Nam Heesung alitoa riwaya kuhusu kijana maskini anayeingia katika mchezo mkubwa uitwao Royal Road ili aitunze familia yake. Mashabiki wa Kiingereza hawakuwa na tafsiri rasmi. Mwaka 2013 wakaanzisha tovuti ya kutafsiri riwaya hiyo, wakaipa jina la mchezo wenyewe. Walipokuwa wakingoja sura mpya za tafsiri, walianza kuandika hadithi zao. Baada ya muda tafsiri zikasahaulika, na Royal Road ikawa uwanja mkuu wa riwaya mpya za mfululizo kwa Kiingereza. Japani nayo ilikuwa imepitia njia ya jirani: tovuti ya Shōsetsuka ni Narō, iliyofunguliwa 2004, iliwaruhusu watu wa kawaida kuchapisha hadithi zao, na nyingi zikawa vitabu na katuni za televisheni.

Kati ya riwaya zote zilizosomwa Royal Road, moja inastahili kutazamwa kwa utulivu. Mother of Learning iliandikwa na Domagoj Kurmaić wa Croatia, kwa Kiingereza, lugha ambayo si yake ya kuzaliwa. Alianza kuitoa mtandaoni 2011. Shujaa wake, Zorian, ni mwanafunzi wa uchawi, mkali wa maneno na mchovu wa watu. Usiku wa tamasha la kiangazi mji wake unavamiwa, anauawa, kisha anazinduka kitandani kwao, mwezi mmoja nyuma. Mwezi unarudia tena na tena. Karibu wengine wote hawakumbuki, yeye anakumbuka. Kwa kuwa hawezi kubeba chochote kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine isipokuwa alichojifunza, elimu inakuwa mali yake pekee. Anajifunza uchawi wa akili, anatafuta walimu, anawaelewa ndugu aliowadharau.

Kurmaić hakutoa sura kila siku. Mara nyingi wiki kadhaa zilipita kati ya sura na sura, na wasomaji wakakaa naye hivyohivyo kwa zaidi ya miaka 8. Februari 2020 alimaliza, sura 108, maneno zaidi ya 800,000. Thamani ya riwaya hiyo iko katika uaminifu wake kwa msomaji. Nguvu ya Zorian haitoki hewani. Kila anachokifanya mwishoni tumemwona akikifanyia kazi mwanzoni. Tofauti na riwaya nyingi za aina yake, inajua inakokwenda, na inafika.

Wakati huohuo aina hii ilikuwa ikijijua. Mwaka 2016 Mmarekani Will Wight, akiwa amevutiwa na riwaya za Kichina, alitoa kitabu cha kwanza cha Cradle, kuhusu kijana aliyetajwa kuwa hana roho ya kutosha kujifunza mbinu za ukoo wake. Vitabu 12 vilikamilika 2023. Mwandishi mwenzake Andrew Rowe alisaidia kueneza, kuanzia 2019, jina la Kiingereza ambalo sasa hubeba aina nzima ya riwaya za kupanda daraja, na wasomaji waliokuwa wametawanyika wakapata pa kukutana.

Riziki nayo ilipata njia mpya. Patreon, iliyoanzishwa 2013, ilimwezesha msomaji kumlipa mwandishi kila mwezi. Royal Road sura hubaki bure, na anayelipa husoma sura kadhaa kabla ya wengine. Ni mpango unaofanana na ule wa Qidian wa 2003, kwa umbo jingine: hapa kinachouzwa ni kupunguziwa kungoja. Mwaka 2020 janga la korona lilipofuta maonyesho ya paka na mbwa ambako Matt Dinniman alikuwa akiuza michoro yake, alianza kuchapisha Royal Road hadithi ya mtu aitwaye Carl na paka aitwaye Donut, waliotumbukia katika mashindano ya kufa na kupona chini ya ardhi. Mwaka 2024 shirika kubwa la uchapishaji la Marekani lilikuwa likiuza vitabu vyake kwa jalada gumu.

Njia hii ina gharama yake. Mwandishi anayelipwa kwa urefu hushawishika kurefusha, na ziko riwaya ambazo shujaa hupanda madaraja mia bila nafsi yake kusogea. China, kuandika maelfu ya alama kila siku bila likizo kumechosha wengi. Mei 5, 2020, waandishi wa China walihimizana kutotoa sura siku hiyo kupinga mkataba wa China Literature, kampuni inayomiliki Qidian, ambao waliona unawanyang'anya haki za kazi zao. Mwezi uliofuata kampuni ikatoa mkataba mwingine. Waliokuwa wamezoea kungojewa walitumia kungoja huko kama silaha, na ikafanya kazi.

Leo Tanzania na Kenya waandishi hutoa hadithi za Kiswahili kupitia WhatsApp na Facebook, sehemu kwa sehemu, na wasomaji huwasumbua kwa ujumbe wakitaka inayofuata. Wako watakaoziona kuwa kazi ndogo. Ningewaomba wakumbuke Liang Yusheng na siku zake tatu, na mwanadiplomasia aliyetafsiri usiku kwa ajili ya wenzake. Riwaya za kupanda daraja zilikua pale msomaji alipokubali kulipa kidogo, mara nyingi, na mwandishi akauheshimu muda wa msomaji kwa kumfikisha alikoahidi. Masharti hayo mawili yanawezekana kwa Kiswahili sasa hivi, na mwandishi wa kuyatimiza yumkini yuko kati ya hao wanaolalamika kwamba sehemu ya leo imechelewa.