Vyuma vikuukuu: Hatari ya miale inayojificha katika mizani

KIPANDE cha chuma kilichookotwa jaani hakisemi kilikotoka. Huenda kilikuwa sehemu ya injini, au kasha la mashine iliyowahi kutibu saratani hospitalini.

Mashine za aina hiyo, pamoja na baadhi ya vifaa vya kupimia viwandani, huwa na madini yanayotoa miale nururishi, ambayo haionekani, hainuki wala haisikiki. Madini hayo yakiwa ndani ya kasha lake zito la risasi, watu hukingwa dhidi ya miale. Balaa huanza kifaa kinapotelekezwa na kasha kuuzwa kwa kilo.

Mwishoni mwa 1983, mashine kuukuu ya matibabu iliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma mjini Ciudad Juárez, Mexico. Vitembe vyake vya kobalti-60, vilivyokadiriwa kuwa 6,000, vilichanganyika na vyuma vingine na kuyeyushwa kuwa nondo za ujenzi na miguu ya meza. Siri ilifichuka Januari 1984 kwa bahati tu, pale lori lililobeba nondo hizo lilipopita karibu na maabara ya Los Alamos nchini Marekani na kuamsha king'ora.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 1987, waokotaji mjini Goiânia, Brazil, walichukua chanzo cha seziamu-137 katika kliniki iliyohamwa. Unga wake uliong'aa rangi ya samawati gizani uliwavutia jamaa na majirani, wakagawana. Watu wanne walifariki, akiwemo msichana wa miaka sita, na wengine wapatao 112,000 wakalazimika kupimwa.

Tabia ya madini haya katika tanuru hutofautiana. Kobalti hujichanganya na chuma chenyewe, ilhali seziamu hupaa na moshi na kubaki kwenye vumbi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 karibu na Algeciras, Uhispania, ambapo seziamu iliyoyeyushwa kiwandani iligunduliwa angani hadi Ufaransa na Uswisi. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 26.

Mwaka uliofuata, serikali ya Uhispania, wenye viwanda na vyama vya wafanyakazi walitia saini mapatano. Malori hupitishwa kati ya nguzo zenye vipimamiale langoni, mzigo unaotiliwa shaka hutengwa, na chuma kilichoyeyushwa pamoja na vumbi la tanuru hupimwa. Aidha, anayefichua chanzo hahesabiwi kuwa mhalifu.

Hata hivyo, lango pekee halitoshi. Kasha la risasi likiwa zima, au likizikwa chini ya shehena nzito, miale inaweza kuzuiwa isifikie vipimamiale. Kwa sababu hiyo, kinga ya kwanza ni kumwajibisha mwenye kifaa tangu siku anapokinunua hadi kinapohifadhiwa kama taka maalumu.

Nchini Kenya, Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya 2015 inawataka wafanyabiashara wawe na leseni na waweke rekodi za ununuzi. Nayo sheria ya 2019 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyorithi majukumu ya Bodi ya Kinga dhidi ya Miale. Lakini mwokotaji mwenye mkokoteni hana kipimamiale. Silaha yake ni macho na tahadhari.

Atilie shaka kasha dogo lenye uzito usio wa kawaida, au chuma chenye alama ya mapanga matatu yaliyozunguka kitone. Tangu 2007 ipo pia alama nyekundu ya pembetatu yenye miale, fuvu na mtu anayekimbia. Akikutana na kitu cha namna hiyo, asikipasue, asikibebe nyumbani wala asikitie motoni. Ajitenge nacho, awazuie wengine kukikaribia na kuwaarifu polisi au mamlaka husika.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika biashara hii, ufa huzibwa kabla ya tanuru kuwashwa.