Mkahawa usiouza kahawa: Funzo la Bungoma na Kitale

Majuzi nilikuwa Bungoma kwa shughuli za kifamilia. Asubuhi, kabla ya kupanda matatu ya Kitale, niliingia katika mkahawa mmoja karibu na steji, nikaagiza kahawa. Kijana aliyenihudumia alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu la mtihani. “Kahawa, mzee? Chai ndiyo iko tayari. Kahawa itabidi nitume mtu dukani alete pakiti.” Pakiti ililetwa, unga ukakorogwa katika maji moto, nikanywa.

Nilicheka kimoyomoyo. Mlangoni pameandikwa “Mkahawa” kwa herufi kubwa. Nje, mawingu yakiachana, unauona Mlima Elgon ambao kwenye miteremko yake wakulima wa Bungoma huchuma kahawa kila msimu. Sasa je, ilikuwaje nyumba ya kahawa ikakosa kahawa, tena mahali inapomea? Jibu limo katika historia ya neno lenyewe na ya biashara iliyolibeba.

Neno “kahawa” tulilipata kwa Waarabu, wanaosema “qahwa”. Tuliambatisha kiambishi m- tukapata “mkahawa”, yaani mahali pa kahawa. Ndugu zetu Watanzania husema “mgahawa”, na sauti hiyo ya /g/ inakumbusha matamshi ya Waarabu wa Ghuba, “gahwa”. Kwa Waarabu tulichukua pia “buni”, zile punje kabla hazijakaangwa. Rangi nayo hatukuiacha: tunasema “kahawia”. Kwa ufupi, kahawa imezama katika Kiswahili kuliko ilivyozama katika vikombe vyetu vya bara.

Nyumba za kahawa zilianza kuvuma katika miji ya Waarabu, na tangu mwanzo ziliwatia wakubwa wasiwasi. Mwaka 1511 gavana wa Makka alipiga kahawa marufuku. Katikati ya karne hiyo zilifunguliwa Istanbul, na London ikapata ya kwanza mwaka 1652. Mfalme Charles II wa Uingereza alitangaza mwaka 1675 kwamba zifungwe, lakini watu walinung’unika hata akalegeza kamba siku chache tu baadaye. Tukiangalia vizuri, watawala hao hawakuogopa kikombe. Waliogopa kikao: watu wa tabaka mbalimbali wameketi pamoja, wanapashana habari na kuwajadili wakubwa wao.

Pwani yetu ilikijua kikao hicho bila hata kujenga nyumba. Muuza kahawa alizunguka na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo ili asikike, na wazee wakamngoja barazani. Kahawa ilikuwa chungu, nyeusi, ya kunywewa kidogo kidogo pamoja na kashata au tende. Aliyeinywa hakuja kushiba. Alikuja kuzungumza.

Neno lilipopanda bara lilikuta mambo mengine. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na njia kuu inayopita Bungoma ikafika Kampala mwaka 1931. Pamoja na reli walikuja wafanyabiashara wa Kihindi na maduka yao. Pengine ndiyo sababu hadi leo Mkenya akisema “hoteli” mara nyingi hana maana ya mahali pa kulala bali pa kula. Wahindi nao hulitumia neno hilo hivyo hivyo. Mteja wa hoteli hiyo alikuwa kibarua wa reli au mfanyakazi wa shamba la mlowezi huko Trans Nzoia. Mtu huyo ametembea tangu alfajiri, na kikombe kidogo cha kahawa chungu kingemfaa nini? Alitaka kitu cha moto, kitamu na cha kujaza tumbo. Chai iliyochemshwa na maziwa na sukari, pamoja na mandazi, ilimtosha hadi jioni.

Isisahaulike pia kwamba sheria za kikoloni zilimzuia Mwafrika wa Kenya kupanda kahawa. Ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo miaka ya 1930 katika sehemu kama Kisii na Meru, kisha ikapanuka baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Upande wa pili wa mlima ule ule, Wagisu wa Uganda, ambao ni jamaa wa karibu wa Wabukusu, walikuwa wameshaanza kuikuza. Kwa hiyo babu zetu wa Bungoma waliijua kahawa kama mali ya mzungu kwanza, halafu kama zao la kuuza. Hakuna aliyewaonyesha kwamba huchemshwa ikanywewa nyumbani.

Kikao hawakuwa na haja ya kufundishwa. Wazee wa Kibukusu walikuwa nacho zamani: chungu cha busaa katikati, mirija mirefu, na maneno ya ukoo yakitatuliwa polepole. Hoteli ya mjini ilikirithi. Nikiwa mwanafunzi wa sekondari, hoteli za Bungoma ndizo zilizokuwa gazeti letu na redio yetu.

Nakumbuka hasa miaka ya 1976 na 1977. Baridi kali ilikuwa imeiunguza mibuni ya Brazili Julai 1975, bei ya dunia ikapaa, na Waganda chini ya Idi Amin wakawa wanalipwa kiduchu kwa mazao yao. Kahawa yao ikavuka mpaka kwa magendo, na soko la Chepkube kule Mlima Elgon likavuma nchi nzima. Watu walitajirika kwa wiki chache. Walihesabu noti hotelini, wakapatana bei ya magunia, na muda wote huo walikuwa wakinywa chai. Sikuona hata mmoja aliyeagiza kahawa.

Siku hizi mkahawa wa kisasa umerudi nchini ukiwa na majina mapya: latte, kapuchino, espreso. Java House ilifungua mlango wa kwanza Nairobi mwaka 1999, ikaenea hadi Uganda na Rwanda. Lakini hata yenyewe haikusimama kwa kahawa tupu. Menyu yake ina mayai, baga na chai pia. Anayepuuza desturi ya wenyeji huadhibiwa na soko. Starbucks ya Marekani iliingia Australia mwaka 2000, ikakuta watu wenye vijimkahawa vyao walivyovizoea. Kufikia 2008 ililazimika kufunga maduka 61 kati ya 84 hivi.

Funzo ni lipi basi? Mwenye hoteli ya Bungoma, ambaye huenda hajawahi kusomea biashara, alifanya miaka mingi iliyopita kile ambacho kampuni kubwa ilishindwa kufanya. Aliwachunguza wateja wake, akabakisha jina na kikao, akabadilisha kinywaji. Sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni na mpango unaomwacha mkulima wa Chwele au Kapsokwony akiijua “mbuni” tu, ile kahawa iliyokaushwa na ganda lake na kuuzwa kwa bei ya chini, bila kuonja kikombe cha ile bora aliyoikuza. Asiyeijua ladha ya mali yake atajadilije bei yake? Vinu vya kukobolea vimeshajengwa Musese na Chesikaki. Hatua inayobaki si kuiga vioo na makochi ya Nairobi. Wenye vyama vya ushirika waende steji ya Bungoma na soko la Kitale, wakaange kahawa ya Elgon hapo hapo, waichemshe na maziwa mteja akitaka hivyo, waiuze kwa bei ya chai, na mandazi pembeni. Tukizoea kuinywa, tutaanza pia kuuliza maswali kuihusu.

Siku hiyo ikifika, nitarudi kwa yule kijana wa steji niagize kahawa tena, na hatatuma mtu dukani.