Wateja waaminifu, au mateka?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za chumba cha habari mnazijua. Leo tuzungumzie benki. Msikimbie, sina fomu ya mkopo mkononi.

Jambo lenyewe lilianzia sebuleni kwa mama. Binamu yangu anasoma shahada ya pili ya biashara, na utafiti wake unahusu kinachomfanya mteja abaki na benki yake. Akaja na dodoso. Mama, mwalimu mstaafu, akavaa miwani akaanza kujaza. Umekuwa na benki hii muda gani? Zaidi ya miaka 20. Umewahi kufikiria kuhama? Hapana. Utaendelea nayo mwaka ujao? Hapo akazungushia namba 5, "nakubali kabisa". Binamu akafurahi, akasema shangazi ni mteja mwaminifu wa kupigiwa mfano.

Huyo huyo mama nimemsikia mara ngapi akiilaani foleni ya benki hiyo na makato yake! Nikamuuliza mbona hakuyaandika. Akanijibu: "Hawajaniuliza kama naipenda, wameniuliza kama nitahama. Nihamie wapi mwanangu, mshahara ulipitia huko na pensheni inapitia huko huko?"

Jibu hilo limenisumbua wiki nzima, maana ni historia ya benki zetu kwa kifupi.

Turudi nyuma. Februari 6, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kutaifishwa kwa benki za biashara. Barclays, Standard, National and Grindlays na wenzao wakatoka, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Kwa zaidi ya miaka 20, upande wa bara, aliyetaka akaunti ya benki ya biashara karibu hakuwa na pa kuchagua. Sasa mchukue mtaalamu wa leo, mpe vitabu vya NBC vya mwaka 1980, mwambie apime uaminifu wa wateja kwa kuangalia wangapi wamebaki. Angesema hii ndiyo benki inayopendwa kuliko zote duniani! Wakati wenye umri wao watakwambia ilivyokuwa kukaa kutwa nzima ukisubiri jina lako liitwe dirishani.

Sisemi kutaifisha kulikuwa na ubaya mtupu. Matawi yalifika wilayani, mahali ambapo mabenki ya kikoloni yasingekanyaga. Ninachosema ni kwamba kubaki peke yake hakupimi kitu pale ambapo mlango ni mmoja.

Na wenzetu Marekani walikuja kuligundua hilo kwa njia yao. Mwaka 1988 Parasuraman, Zeithaml na Berry walitoa kipimo chao cha SERVQUAL, chenye sentensi 22. Mteja anaulizwa alichotarajia, halafu anaulizwa alichokipata, na pengo kati ya majibu hayo ndiyo alama. Benki zilikuwa miongoni mwa huduma walizozichunguza. Mwaka 1990 Reichheld na Sasser wakaandika kwamba kupunguza wateja wanaohama kwa asilimia 5 tu kuliongeza faida ya matawi ya benki moja kwa asilimia 85. Basi hapo kila meneja akaanza kuhesabu wanaobaki.

Lakini Sasser huyo huyo, mwaka 1995, akiwa na Jones, akaja na angalizo ambalo nadhani mama angelisaini. Walilinganisha biashara zenye ushindani na zile zisizo nao. Kwenye ukiritimba, kama kampuni za simu za mtaani za wakati ule, mteja aliyekasirika na aliyeridhika walibaki vilevile. Wateja wa namna hiyo wakawaita mateka. Ukifungua mlango ndipo unapojua nani alikuwa nani.

Kwetu mlango ulianza kufunguka baada ya Tume ya Nyirabu, iliyoundwa mwaka 1988 na kutoa ripoti yake 1990. Mikopo mingi kwa mashirika ya umma haikulipika, na huduma zilikuwa hoi. Sheria ya mabenki ikapitishwa 1991, Standard Chartered ikarudi 1993. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, ikazaliwa NMB iliyorithi matawi ya wilayani, na mwaka 2000 ABSA ya Afrika Kusini ikanunua hisa nyingi za NBC iliyobaki.

Mtu angetegemea mateka wote watoke mbio. Lakini benki ngeni zilianzia mjini na zilitaka watu wenye vijisenti. Mwalimu wa wilayani alibaki palepale, kwa sababu mlango ulifunguliwa Dar es Salaam, yeye yuko mbali nao. Na hata leo, penye benki 3 kwenye mtaa mmoja, kuna mshahara, na mkopo unaokatwa humo humo kwenye mshahara. Ukiwa na deni la miaka 5 utahama na nini?

Halafu kuna kuhama kusikoonekana kwenye dodoso. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, watu wamejifunza kuhama bila kufunga akaunti. Mama ni mmojawao. Siku pensheni ikiingia anaitoa karibu yote na kuiweka kwenye simu. Ada za wajukuu, umeme, michango ya harusi, vyote vinatokea huko. Benki amewaachia hela ya kutosha akaunti isilale.

Nikamshauri binamu aongeze maswali mawili: "Kama mshahara au pensheni yako ingekufuata popote, ungebaki?" na "Siku tatu baada ya hela kuingia, huwa zimebaki kiasi gani?" Akasema msimamizi wake hatakubali, dodoso lilishapitishwa. Nikamwambia ajaribu hata kwa watu 10, nje ya utafiti. Bado hajanijibu.

Mama, kwa taarifa yenu, kaletewa kalenda na benki yake kwa kuwa mteja wa siku nyingi. Kaitundika jikoni. Tarehe ya pensheni kaizungushia wino mwekundu.