Kihatarishi katika Biashara ya Polima Maalumu

Anayesoma ripoti za ukaguzi za serikali ya Tanzania ameshalizoea neno kihatarishi. Taasisi ya umma inatakiwa iwe na rejista ya vihatarishi, na mkaguzi asipoikuta huandika dosari. Nje ya ofisi hizo neno hilo bado linasikika kama la watu wa semina. Wahariri wengi, hasa wa Kenya, huandika hatari tu: usimamizi wa hatari, hatari za kibiashara. Sishangai. Hatari ni neno fupi, la zamani, na hata mtoto analijua kwa kuwa limeandikwa kwenye transfoma chini ya fuvu la kichwa. Tatizo ni hilo fuvu. Mhasibu anapozungumzia kile ambacho Waingereza wanaita risk, mara nyingi hakuna cha kuogofya mbele yake. Kuna orodha ya wauzaji, mikataba, na bei za mwezi uliopita.

Kihatarishi limejengwa kwa njia ya kawaida kabisa ya lugha yetu. Kutokana na hatari tukapata kuhatarisha, kisha hatarishi, kama tunavyosema mazingira hatarishi au tabia hatarishi. Kiambishi ki- kikaligeuza kuwa kitu kinachohesabika. Kwa hiyo kihatarishi ni kile kinachohatarisha, nacho kipo leo, hata kama hakuna kilichoungua wala kuvunjika. Hatari ni mlipuko, mafuriko, mahakama. Kihatarishi ni mpangilio wa mambo unaofanya mlipuko wa mji mmoja usimamishe kazi katika mabara matatu. Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwenye tasnia ya polima maalumu kuliko kwenye nyingi ninazozijua.

Polima ni molekuli ndefu iliyoungwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, viitwavyo monoma, mithili ya shanga katika uzi mmoja. Ndoo, tangi la maji na mfuko wa unga ni polima. Polietilini peke yake hutengenezwa zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka, katika viwanda vingi vya nchi nyingi, na mnunuzi akikosa kwa huyu anahamia kwa yule. Polima maalumu ni ukoo mwingine. Hununuliwa kwa sababu ya kazi fulani ambayo zile za kawaida haziiwezi, kama kuvumilia joto la injini, kukaa na petroli miaka kumi, au kushikilia unga wa ndani ya betri. Msomaji asidhani maalumu hapa ni cheo cha ubora. Ndoo iliyotengenezwa kwa polima maalumu ingekuwa ndoo ghali isiyo na faida yoyote ya ziada. Umaalumu uko kwenye kazi, na kwa kuwa kazi ni chache, watengenezaji nao ni wachache.

Mfano uko barabarani. Lori likiegeshwa Chalinze au Mariakani, tazama kati ya kichwa na tela: utaona paipu za upepo zilizoviringwa, zinazorefuka lori likikata kona na kujikusanya likinyooka. Dereva anajua kwamba paipu hiyo ikipasuka, breki za tela zinakamata. Kwa miaka mingi paipu za namna hiyo zimetengenezwa kwa poliamidi 11 au poliamidi 12, zote za ukoo wa nailoni. Nailoni 6, ile ya kawaida, hunywa maji: ikilowa kabisa, maji hufikia karibu asilimia 9 ya uzito wake, nayo huvimba na vipimo vyake hubadilika. Poliamidi 12 huishia kwenye asilimia moja na nusu hivi. Namba hizo zinahesabu atomi za kaboni ndani ya kila monoma. Mnyororo wa kaboni ukirefuka, vile vikundi vya amidi vinavyopenda maji hukaa mbalimbali, na maji hukosa pa kushika. Ndiyo maana magari madogo nayo yakaitumia poliamidi 12 kwenye paipu za petroli na za breki.

Sasa tupande hadi chanzo chake. Poliamidi 12 huanzia kwenye butadieni, gesi itokanayo na mafuta ya petroli. Molekuli tatu za butadieni, kila moja ikiwa na kaboni nne, huunganishwa kwa kichocheo zikawa pete ya kaboni 12. Jina kamili la pete hiyo ni saiklododekatrieni, na watu wa viwandani, kwa huruma, huiita CDT. Kutoka hapo kuna hatua kadhaa hadi kufikia monoma yenyewe, kisha polima, kisha paipu, kisha gari. Waliokuwa wakitengeneza CDT duniani walihesabika kwa vidole vya mkono.

Tarehe 31 Machi 2012, siku ya Jumamosi, kitengo cha CDT cha kampuni ya Evonik katika mji wa Marl, Ujerumani, kililipuka na kuwaka moto. Wafanyakazi wawili walikufa. Tarehe 17 Aprili, watu wapatao 200 kutoka kampuni za magari na wauzaji wao walikusanyika Troy, karibu na Detroit, chini ya chama chao cha AIAG. Walikuwa washindani ambao kwa kawaida hawaambiani hata rangi ya karatasi zao. Safari hii walikaa meza moja kuulizana ni gari gani litakosa paipu na lini.

Mlipuko ndio uliokuwa hatari. Kihatarishi kilikuwepo Ijumaa, tarehe 30, wakati kila kitu kikiwa salama. Afisa ununuzi aliyehesabu wauza paipu aliona wengi. Aliyepanda hatua moja akahesabu watengenezaji wa poliamidi 12 aliona wachache, lakini bado zaidi ya mmoja. Ni nadra kumkuta aliyepanda hadi kwenye CDT, kwa kuwa hakuna mkataba uliomtaka afike huko, na kwa kuwa gharama ya plastiki hiyo ndani ya gari zima ni ndogo mno kumnyima mtu usingizi. Rejista ya hatari ingeandika "moto kiwandani" na kuishia hapo. Rejista ya vihatarishi, ikijazwa na mtu makini, ingeandika kwamba bidhaa zetu kadhaa zinategemea pete moja ya kaboni inayotengenezwa mahali pachache. Sentensi ya pili ina kazi ya kufanya asubuhi. Ya kwanza inasubiri zimamoto.

Kulikuwa na kihatarishi kingine, na hiki nadhani ndicho kilichowaumiza zaidi. Mbadala ulikuwepo. Poliamidi 11 ilikuwepo, 610 na 612 zilikuwepo, hata polima zenye florini. Lakini paipu ya breki haibadilishwi kwa kupiga simu. Sampuli huchemshwa, hugandishwa, hulowekwa kwenye petroli na chumvi, hupindwa na kugongwa kwa maelfu ya saa kabla mhandisi hajatia sahihi. Kikao cha Troy kilitoka na kamati za kutafuta namna ya kuharakisha sahihi hizo. Uthabiti wote ambao tasnia inajivunia, yaani kutobadilisha kitu bila ushahidi, uligeuka siku ile kuwa kihatarishi. Sijui neno hatari lingewezaje kubeba maana hiyo: huwezi kusema upimaji makini ni hatari bila kuonekana umechanganyikiwa. Kitengo cha Marl kilirudi kazini mwishoni mwa mwaka huo. Na mwaka 2018 Evonik ilipotangaza kutumia kama euro milioni 400 kupanua uzalishaji wa poliamidi 12, ilichagua kujenga Marl palepale. Sababu za kibiashara zipo, maana malighafi, mabomba na wataalamu wako huko. Lakini anayejaza rejista aandike kwamba mji unaotegemewa bado ni uleule.

Anayetafuta namna ya kuuacha utegemezi huo hukutana na neno jingine la tasnia hii, ubunifu endelevu. Hili silipendi sana. Endelevu linatokana na kuendelea, hivyo msomaji asiyeandaliwa anaweza kuelewa ubunifu usiokoma, kama wa kampuni ya simu inayotoa toleo jipya kila mwaka. Kinachokusudiwa ni ubunifu unaotunza kile unachokitegemea: ardhi, maji, hewa, na watu. Limeshakita mizizi, wala sitaki kuling'oa. Ila katika tasnia hii lazima lifuatane na swali: kinachoendelezwa ni nini?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni poliamidi 11, ambayo haitoki kwenye petroli hata kidogo. Inatoka kwenye mbarika, mmea ambao Watanzania wengi wanaujua kwa mbegu zake, nyonyo, na chupa za mafuta ya nyonyo yanayopakwa nywele. Asili yake inadhaniwa kuwa ni Afrika Mashariki na pembe yake. Mafuta yake yana asidi ya risinoleiki, ambayo ni nadra kuipata kwa wingi hivyo kwenye mmea mwingine. Yakichanganywa na methanoli kisha kupashwa joto kali, mnyororo wake wa kaboni 18 hukatika mahali maalumu: upande mmoja hubaki kaboni 7, zinazokwenda kwenye manukato, na mwingine kaboni 11, ambazo baada ya hatua chache huwa monoma. Wafaransa walianza kufanya hivyo Marseille katika miaka ya 1950, kwa jina la biashara Rilsan. Wakati huo hakuna aliyeiita endelevu. Ilikuwa nailoni nzuri iliyotoka kwenye mbegu. Leo Rilsan ni ya kampuni ya Arkema, ambayo mwaka 2022 ilianza kuzalisha monoma hiyo kwenye kiwanda kipya huko Jurong, Singapore.

Je, mbarika umefuta kihatarishi? Umekihamisha. Sehemu kubwa kabisa ya nyonyo za dunia hutoka India, na ndani ya India hutoka Gujarat. Badala ya kitengo kimoja Ujerumani, sasa kuna jimbo moja linalosubiri mvua. Vichala haviivi pamoja, hivyo wakulima huchuma kwa mkono, kwa awamu. Makapi yanayobaki baada ya kukamua yana risini, sumu inayoweza kuua. Bei nayo hucheza sana: Januari 2016 soko la bidhaa la NCDEX lilisimamisha biashara ya mikataba ya nyonyo baada ya bei kuporomoka. Miezi michache baadaye Arkema, BASF, Jayant Agro na shirika la Solidaridad walianzisha mradi wa Pragati huko Gujarat, wa kuwafundisha wakulima kilimo bora, matumizi ya maji na usalama kazini. Huo kwangu ndio ubunifu endelevu hasa, kuliko kemia yenyewe iliyokuwa na miaka sitini. Na kampuni hazikufanya hivyo kwa wema mtupu. Mkulima akihamia pamba, kiwanda cha Singapore hakina mafuta ya kuchakata.

Kuna vihatarishi visivyohitaji moto wala ukame. Polima zenye florini ni zile za kikaango kisichogandisha na za utepe mweupe ambao fundi bomba huuzungushia kwenye nyuzi za kiungo, na ndugu yao mmoja hushikilia unga wa betri za lithiamu. Ziko kwenye kundi la kemikali za PFAS, ambazo hazivunjiki zikifika majini. Desemba 2022 kampuni ya 3M ilitangaza kwamba ingeacha kutengeneza PFAS zote ifikapo mwisho wa 2025, na mapema 2023 nchi tano za Ulaya ziliwasilisha pendekezo la kuzizuia zaidi ya 10,000 kwa pamoja. Mnunuzi wa 3M hakupatwa na hatari yoyote siku ile. Muuzaji wake alisoma sheria zinazokuja na kesi zilizokuwa mahakamani, akaamua kuondoka. Kihatarishi kilikuwa ndani ya molekuli tangu mwanzo, maana uimara uliofanya inunuliwe ndio uliofanya ishtakiwe.

Kwetu, kila yanapozuka mazungumzo ya malighafi za mimea, huja mtu na ramani ya mashamba. Mbarika unaota wenyewe pembeni mwa barabara, atasema, kwa nini tusiulime? Tuliwahi kusikia hoja hiyohiyo kuhusu mbono kaburi, ule wa mafuta ya dizeli. Kilwa kampuni ya Kiholanzi ilichukua maelfu ya hekta za ardhi ya vijiji kwa ajili yake, kisha ikasimamisha kazi kabla ya muongo kwisha. Sisemi mbarika utaishia huko. Soko lake lipo na lina historia ndefu kuliko la mbono kaburi. Ila anayekwenda kijijini na mkataba aulizwe habari za vihatarishi kwa maana ile ile ya wahasibu: wanunuzi wa nyonyo ni wangapi, bei inafuata soko gani, makapi yenye sumu atayachukua nani, na nyonyo zikikosa mnunuzi msimu mmoja, shamba lilikuwa na mahindi kiasi gani kabla yake.