Brarudi: kiwanda cha kando ya bandari ya Bujumbura

Brarudi ni kampuni ya bia na soda ya Burundi, yenye kiwanda mjini Bujumbura. Ilianzishwa mwaka 1955, wakati mji ukiitwa Usumbura na ukiwa makao makuu ya Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji. Mwekezaji alikuwa kampuni ya bia ya Léopoldville (sasa Kinshasa), ambayo ilikuwa ikitengeneza Primus nchini Kongo tangu miaka ya 1920. Baadaye Heineken ya Uholanzi ilishika hisa nyingi, Serikali ya Burundi ikibaki na takriban asilimia 40.

Mahali

Kiwanda kipo mtaa wa viwanda, jirani na bandari. Reli ya Dar es Salaam hadi Kigoma ilikamilika mwaka 1914, na kwa mkataba wa mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mzigo ulishuka reli Kigoma, ukapanda meli hadi Usumbura. Kwa bidhaa nzito kama kimea na chupa, kiwanda kilicho karibu na gati hupunguza gharama za kupakia na kupakua.

Usafirishaji

Chupa za bia hurudishwa kiwandani. Lori linalopeleka makreti yaliyojaa mikoani hurudi na chupa tupu, hivyo halirudi bila mzigo. Kampuni pia ina kiwanda Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019; Bujumbura imebaki mji wa biashara.

Hatari

Kuwa karibu na bandari hakutoshi njia zikifungwa. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyositishwa Januari 1999. Mwaka 2024 uhaba wa fedha za kigeni na mafuta ulifanya bia kuadimika madukani.

Kwa hiyo anayetafuta ghala Bujumbura asiangalie kodi ya pango tu. Ahesabu mzigo utaingia kwa ziwa au kwa barabara, utapakuliwa mara ngapi, na njia ya pili ni ipi endapo ya kwanza itakwama.