Pia, Mtutu na Mwalimu wa Woolwich

Kosa langu lilikuwa sentensi moja. Niliandika gazetini kwamba risasi nzito hutaka mtutu wenye msokoto mkali. Kabla ya saa sita mchana mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, akanipigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mtutu haujui uzito. Unajua urefu. Hivi wewe hukucheza pia utotoni?"

Nilicheza. Na ukiijua pia, hadithi hii umeshaanza kuielewa. Ndani ya mtutu wa bunduki kuna mifereji iliyojisokota, nayo huizungusha risasi ili iruke ikiwa imetangulia kwa ncha. Mzunguko ukipungua inayumba, kama pia inayochoka. Na risasi ikiwa ndefu zaidi, ndivyo hewa inavyoipindua kirahisi.

Katika miaka ya 1850, bunduki ya jeshi la Uingereza, Enfield ya 1853, iliizungusha risasi mara moja kwa kila inchi 78. Joseph Whitworth, fundi mashine wa Manchester, akatengeneza mtutu mwembamba zaidi wenye mzunguko mmoja kwa kila inchi 20. Risasi yake ilikuwa na uzito uleule wa takriban gramu 34, ila nyembamba na ndefu. Kwenye majaribio ya 1857 aliiacha Enfield mbali sana. Yaani uzito haukubadilika. Umbo ndilo lililobadilika, na msokoto ukalifuata.

Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, mwalimu wa hisabati kule Woolwich, akaliweka jambo hilo kwenye kanuni fupi: chukua 150, zidisha kwa kipenyo cha risasi mara mbili, kisha gawa kwa urefu wake. Risasi ya kipenyo cha inchi 0.3 na urefu wa inchi 1.35 inakupa 10, yaani mzunguko mmoja kila inchi 10. Hakuna uzito humo. Wanaojijazia risasi nyumbani, hasa Marekani, husema "uzito" kwa sababu ndio unaoandikwa kwenye boksi, na kwa kipenyo kilekile, risasi nzito kwa kawaida ndiyo ndefu. Ni njia ya mkato, na njia ya mkato ina siku yake.

Siku hiyo iliwafika Wamarekani wenyewe. AR-15 za mwanzo, mama wa M16, zilikuwa na msokoto wa inchi 14, uliozoeleka kwenye bunduki za kuwindia wanyama wadogo. Kwenye hali ya hewa ya kawaida ulitosha, lakini kwa shida. Kwenye baridi kali ya Aktiki hewa huwa nzito, na risasi zikaanza kuyumba. Mwaka 1963 wakabadilisha kuwa inchi 12.

Miaka ya 1980 NATO ilikuwa imeshachagua risasi nyingine, ya Ubelgiji. Ile ya zamani ilikuwa na gramu 3.6 hivi, mpya 4. Tofauti ya uzito ni kiduchu, eti nani angejali? Lakini mpya ina kipande cha chuma ndani, na chuma ni chepesi kuliko risasi ya madini, kwa hiyo ilibidi irefuke. Ukiipiga kwenye M16 ya zamani haitulii, na hata hugonga shabaha kwa ubavu. M16A2 ikapewa msokoto wa inchi 7, mkali kuliko hata risasi hiyo ilivyohitaji, kwa sababu risasi yake ya kuwaka njia ilikuwa ndefu zaidi.

Fikiria askari aliyepewa bunduki ya zamani na boksi jipya. Vyote vizima, vyote vinaingiliana, na bado hapigi anacholenga. Atajilaumu mkono.

Ndiyo maana sikuona aibu kuchapisha sahihisho. Nilifuta "nzito", nikaweka "ndefu". Jioni mzee akanitumia ujumbe wa maneno mawili: "Sasa imetulia."