UNAAMBIWA MWAKA 1942 NDEGE YA JAPANI ILIPITA JUU YA DAR!

Wadau, ikitajwa Vita ya Pili ya Dunia wengi tunawaza Hitler, Hiroshima na muvi za Wamarekani. Kwetu tunaona kama haikuhusu. Sasa sikia hii: tarehe 19 Mei 1942, ndege ya jeshi la maji la Japani ilipita juu ya Zanzibar na Dar es Salaam, kazi yake kuchungulia bandarini kuna meli gani.

Najua unajiuliza ilitokea wapi, maana Wajapani hawakuwa na kiwanja cha ndege hata kimoja upande huu. Jibu: ilitoka chini ya maji! Nyambizi yao, I-30, ilibeba ndege ndogo ya watu wawili, Yokosuka E14Y, ikiwa imefunguliwa vipande na kufungiwa kwenye banda lisilopitisha maji. Nyambizi ikiibuka, mafundi wanaiunga chapchap, halafu inafyatuliwa na mtambo kama jiwe la manati. Ikirudi inatua baharini kwa maboya yake mawili, winchi inainyanyua, inafunguliwa tena, wanazama.

Usione ni kazi ya kitoto. Ndege ilikuwa haifiki kilomita 250 kwa saa, wakati Spitfire ya Mwingereza inapita 500. Na nyambizi ikiwa juu ya maji ni kama kobe aliyegeuzwa. Adui akitokea inabidi izame, na wale wawili walioko angani ndo basi tena.

Kwa nini walikuja huku? Aprili mwaka huo Wajapani waliipiga Colombo, Waingereza wakahamishia meli zao Kilindini, Mombasa. Ndo Wajapani wakaanza kupekua bandari moja moja. Kabla ya Dar, I-30 ilishachungulia Aden na Djibouti.

Walichokitafuta walikikuta Madagaska. Usiku wa tarehe 29 Mei, ndege ya nyambizi nyingine, I-10, ilipita juu ya Diego Suarez ikaiona manowari kubwa ya Waingereza, Ramillies. Kesho yake usiku nyambizi ndogo mbili, za watu wawili wawili, zilivamia. Ramillies ikatobolewa vibaya, meli ya mafuta British Loyalty ikazama. Wajapani wawili waliofika nchi kavu walisakwa, wakauawa kwa risasi tarehe 2 Juni.

I-30 yenyewe ilizunguka Afrika mpaka Ufaransa. Wakati wa kurudi, Oktoba 1942, ikakanyaga bomu la baharini Singapore, ikazama.

Sasa piga picha Ramillies ingekuwa imetia nanga Dar siku ile. Diego Suarez tungekuwa sisi, na wavuvi, makuli na wapagazi wa bandarini wangeingia kwenye vita ambayo hawakuianzisha.

Wewe mdau, babu au bibi aliwahi kukusimulia lolote la miaka ile? Dondosha hapo chini.